Miaka 99 Ikiisha, Nyumba ni ya Nani?

Wiki tatu zilizopita rafiki yangu niliyesoma naye kidato cha tano na cha sita, ambaye kwa miaka mingi sasa ni muuguzi katika mji wa Reading nchini Uingereza, alinitumia ujumbe mrefu. Miaka kumi na sita iliyopita alinunua fleti kwa mkopo wa benki. Mkopo ameulipa kila mwezi bila kukosa, na sasa anataka kuiuza fleti hiyo ili arudi nyumbani. Mnunuzi alipatikana, bei wakakubaliana, lakini benki ya mnunuzi ikasita kutoa mkopo kwa sababu mkataba wa umiliki umebakiza miaka 76. Ameambiwa aongeze muda kwanza, na kwamba kuongeza muda ni kununua. "Kaka," akaniuliza, "miaka yote hii nimekuwa mwenye nyumba au mpangaji?"

Sheria ya Uingereza na Wales ina jibu la ajabu kidogo: amekuwa vyote viwili. Fleti nyingi katika nchi hizo haziuzwi moja kwa moja. Kinachouzwa ni mkataba wa muda, miaka 99 au 125 kwa kawaida, na mara nyingine 999. Ndani ya muda huo mwenye fleti anaweza kuuza, kuweka rehani na kurithisha. Ardhi na jengo hubaki kuwa mali ya mtu mwingine, ambaye hulipwa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na ambaye, muda ukiisha, huirudisha fleti mikononi mwake. Kwa hiyo kila mwaka unaopita humegua kipande cha thamani kutoka kwa mwenye fleti na kukipeleka kwa mwenye ardhi, bila yeyote kati yao kufanya lolote.

Nimeamua kuiandika historia ya jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wapo Watanzania wengi ughaibuni walio katika hali ya rafiki yangu na hawajui. Pili, saa hiyohiyo ya miaka 99 ipo kwetu pia. Tuliirithi kutoka kwa walioitengeneza, na wengi wetu hatujawahi kuitazama.

Tuanze mwaka 1677. Katika mwaka huo binti wa miaka 12 aitwaye Mary Davies aliozwa kwa Sir Thomas Grosvenor. Binti huyo alikuwa amerithi takriban ekari 500 za mbuga na majaluba magharibi ya London. Katika karne iliyofuata jiji lilipanuka kuelekea huko, na familia ya Grosvenor ikagundua kwamba haikuhitaji kujenga wala kuuza. Iliwagawia wajenzi viwanja kwa mikataba ya muda mrefu. Wajenzi wakajenga kwa fedha zao, wakauza mikataba ya nyumba, na mwisho wa muda nyumba zote zikarudi kwa familia, pamoja na ngazi, mabomba na bustani ambazo haikuzigharamia. Mitaa ya Mayfair na Belgravia ilizaliwa hivyo. Mkuu wa ukoo huo leo ni Duke wa Westminster, na miliki yake katika mitaa hiyo miwili bado ni takriban ekari 300. Familia ya Cadogan ilifanya vivyo hivyo Chelsea.

Siwezi kukataa kwamba mpango huo ulikuwa na faida zake. Mwenye ardhi mmoja aliyetazama miaka mia mbele aliweza kupanga viwanja vya wazi, kudai mistari iliyonyooka na kukataza viwanda vya ngozi kando ya makazi. Anayesifu uzuri wa mitaa hiyo anasifu, kwa kiasi, nidhamu ya mikataba ya muda. Wakazi wake walikuwa matajiri. Nyumba iliporudi kwa mwenye ardhi, walihamia nyingine.

Hali ilikuwa tofauti kabisa kusini mwa Wales. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 makaa ya mawe yaliwavuta maelfu ya watu kwenye mabonde yale, na ardhi ilikuwa mikononi mwa miliki chache kubwa ambazo aghalabu hazikukubali kuuza kiwanja. Mchimba makaa aliyetaka kuishi karibu na mgodi alichukua kiwanja kwa mkataba wa muda, mara nyingi wa miaka 99, akajenga kwa akiba yake au kupitia vyama vya ujenzi ambamo wenzake walichangishana. Cardiff, sehemu kubwa ya ardhi ya mji ilikuwa ya Marquess wa Bute, na mwaka 1938 familia hiyo iliuza sehemu kubwa ya miliki yake ya mjini kwa kampuni. Mtu ambaye babu yake alipeana mkono na wakala wa kabaila akajikuta anadaiana na wanahisa asiowafahamu.

Fanya hesabu mwenyewe. Mkataba wa miaka 99 uliotiwa saini mwaka 1860 unaisha mwaka 1959. Wakati huo mchimba makaa amekwisha kufa, na mjukuu wake anaishi ndani ya nyumba ambayo familia imeijenga, imeikarabati, imeiwekea umeme, na haidaiwi na mtu. Anapokea barua kwamba nyumba si yake tena. Akitaka kubaki, alipe kodi ya mpangaji wa kawaida au ainunue nyumba ya babu yake kwa bei ya soko.

Wanaharakati vijana wajifunze jambo moja hapa. Madai ya kuwapa wapangaji haki ya kununua ardhi yaliingia bungeni Uingereza tangu miaka ya 1880, na yakashindwa tena na tena. Kamati iliyoundwa baada ya Vita Kuu ya Pili ilitoa taarifa yake mwaka 1950, na wajumbe wake wengi walikataa kumpa mwenye nyumba haki ya kununua ardhi. Sheria ya mwaka 1954 ilimruhusu abaki ndani ya nyumba muda ukiisha, lakini kama mpangaji anayelipa kodi. Hoja ya wapinzani haikubadilika katika miaka yote hiyo: mkataba ni mkataba, mtu mzima alitia saini akijua. Ni hoja yenye uzito. Udhaifu wake ni kwamba aliyetia saini hakuwa na mahali pengine pa kujenga.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa hoja mpya. Mikataba ilianza kuisha kwa wingi, mtaa baada ya mtaa, katika majimbo yaliyowapigia kura wabunge wa chama cha Labour. Mwaka 1967 serikali ya Harold Wilson ilipitisha sheria iliyompa mwenye nyumba ya mkataba mrefu haki ya kununua ardhi, au kuongezewa miaka 50, mwenye ardhi apende asipende. Msingi uliotangazwa na serikali ulikuwa mwepesi kueleweka hata kijijini kwetu: kwa haki, ardhi ni ya mwenye ardhi, na nyumba ni ya aliyeijenga na kuishi ndani yake. Kwa hiyo mchimba makaa alipaswa kulipia kiwanja tu, si matofali ya babu yake.

Katika miaka hiyohiyo Bunge letu lilikuwa linashughulika na nyarubanja. Wahaya wanaosoma hapa hawahitaji kuelezwa maana yake. Wengine wajue tu kwamba ulikuwa ukabaila wa ardhi ambapo mkulima aliyetunza migomba na mibuni kwa vizazi aliendelea kuhesabiwa kuwa mpangaji wa bwana. Sheria ya mwaka 1965, na nyingine ya mwaka 1968 iliyohusu upangaji wa kimila kwa upana zaidi, ziliwatoa wakulima hao katika upangaji. Wanafunzi wangu hushangaa ninapoziweka sheria hizi na ile ya mwaka 1967 ya Uingereza katika muhadhara mmoja, kwa kuwa tumezoea kufundishwa kwamba ukabaila ulikuwa huku na usasa ulikuwa kule.

Wadhamini wa Duke wa Westminster walikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, wakilalamika kwamba wamelazimishwa kuuza takriban nyumba 80 za Belgravia chini ya thamani yake, na kwamba baadhi ya wanunuzi walikuwa watu wenye uwezo mkubwa waliouza tena kwa faida. Lalamiko hilo la pili lilikuwa na ukweli. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mchimba makaa ilimfikia pia tajiri wa Belgravia. Hata hivyo, tarehe 21 Februari 1986 mahakama iliamua kwa kauli moja kwamba haki ya kumiliki mali haikuvunjwa: Bunge linaweza kuhamisha mali kutoka mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi mwingine, iwapo lengo ni kuondoa dhuluma ya kijamii. Wanafunzi wa sheria, isomeni hukumu hiyo.

Fleti ziliachwa nje ya sheria ya mwaka 1967, na sababu yake ni ya kiufundi. Nyumba ya chini inakaa juu ya ardhi yake. Fleti ya ghorofa ya tatu inakaa juu ya fleti ya mwingine na chini ya paa la wote. Nani atengeneze paa likivuja? Mahakama za Uingereza ziliamua mwaka 1885 kwamba ahadi ya kutenda jambo, kama kukarabati, haimfungi mnunuzi wa baadaye wa ardhi inayomilikiwa moja kwa moja. Njia nyepesi ya kuwafunga wakazi wote ilikuwa kuwapa mikataba ya muda kutoka kwa mwenye jengo mmoja. Kwa hiyo mawakili husema fleti haiwezi kumilikiwa kwa njia nyingine. Ukivuka mpaka kuingia Uskoti unakuta watu wanamiliki fleti zao moja kwa moja, mapaa yanatengenezwa, na majengo hayajaanguka.

Haki kwa wenye fleti ilikuja mwaka 1993, na iliyoileta ni serikali ya chama cha Conservative chini ya John Major. Sheria hiyo iliwaruhusu wakazi kuungana na kununua jengo zima, au mmoja mmoja kuongezewa miaka 90 juu ya iliyobaki, na kodi ya pango la ardhi kufutwa. Duke wa Westminster alijitoa katika chama hicho kwa hasira. Lakini katika suala la bei msingi wa mwaka 1967 haukuhamia kwenye fleti, na hapo ndipo rafiki yangu anapoumia.

Bei ya kuongeza muda ina sehemu tatu. Tuchukue mfano wangu wa kubuni: fleti yenye thamani ya pauni 200,000 ikiwa na mkataba mrefu, miaka 76 iliyobaki, na kodi ya ardhi ya pauni 100 kwa mwaka. Sehemu ya kwanza ni fidia ya kodi ambayo mwenye ardhi hataipata tena, takriban pauni 1,650 kwa riba ya asilimia 6. Ya pili ni fidia kwa kuwa hatairudisha fleti baada ya miaka 76. Baraza la ardhi liliamua mwaka 2006, katika shauri lililohusu miliki ya Cadogan, kwamba kwa fleti hesabu hii ifanywe kwa asilimia 5 kwa mwaka. Pauni 200,000 za miaka 76 ijayo zina thamani ya takriban pauni 4,900 leo. Mpaka hapa mtu anaweza kukubali, kwani mwenye ardhi anapoteza kitu na analipwa.

Sehemu ya tatu ndiyo inayozua ugomvi. Fleti yenye mkataba mfupi ina bei ya chini sokoni, tuseme pauni 185,000. Ukijumlisha thamani aliyonayo mwenye fleti na ile aliyonayo mwenye ardhi, hupati pauni 200,000. Unapungukiwa na takriban pauni 8,500. Haki hizo mbili zikiunganishwa, thamani hiyo huibuka. Wathamini wa Uingereza, kwa ucheshi ambao sijui kama walioumia wanaufurahia, huiita thamani ya ndoa. Sheria ya mwaka 2002 ilisema igawanywe nusu kwa nusu, isipokuwa mkataba ukiwa umebakiza zaidi ya miaka 80, ambapo haidaiwi kabisa. Katika mfano wetu bei yote ni kama pauni 10,700. Fleti hiyohiyo ilipokuwa na miaka 81, miaka mitano tu nyuma, ingegharimu takriban pauni 5,500. Juu ya hapo mwenye fleti hulipa gharama stahiki za wakili na mthamini wa mwenye ardhi, yaani humlipa anayebishana naye.

Rafiki yangu hakuambiwa habari ya mstari huu wa miaka 80 siku aliponunua. Labda iliandikwa mahali fulani kati ya kurasa alizosaini. Yeye anakumbuka rangi ya zulia na kituo cha basi kilicho karibu. Alivuka mstari huo akiwa zamu ya usiku, kama ilivyo kwa wengi.

Kadiri muda unavyopungua ndivyo ubishi unavyokua. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilimaliza shauri la fleti ya Chelsea iliyobakiza chini ya miaka 23, ambamo wenye fleti walileta mfumo wa kitakwimu uliolenga kuonyesha kwamba mikataba mifupi ina thamani kubwa kuliko wathamini walivyozoea kusema. Wangeshinda, bei za kuongeza muda zingeshuka kwa watu wengi sana. Walishindwa. Wakati huohuo kashfa nyingine ilikuwa imezuka: wajenzi waliuza nyumba mpya zenye kodi ya ardhi inayojirudufu kila miaka 10. Pauni 250 zikijirudufu hivyo hufika 8,000 baada ya miaka 50, na nyumba za namna hiyo hazikuuzika. Tangu tarehe 30 Juni 2022 mikataba mipya mingi hairuhusiwi kutoza kodi ya ardhi hata kidogo.

Sheria kubwa zaidi ilipita tarehe 24 Mei 2024, katika siku za mwisho za Bunge kabla ya uchaguzi mkuu. Inaongeza miaka 990 badala ya 90, na inafuta thamani ya ndoa. Wenye ardhi, miliki za Grosvenor na Cadogan zikiwemo, pamoja na taasisi za hisani zinazotegemea mapato hayo, walikwenda Mahakama Kuu ya London. Oktoba 2025 walishindwa, na moja ya hukumu zilizowazuilia njia ilikuwa ile ya mwaka 1986 waliyoisababisha wenyewe. Lakini hadi hukumu inasomwa, vifungu vya bei vilikuwa bado havijaanza kutumika. Rafiki yangu anatakiwa kuchagua kati ya kulipa kwa hesabu ya zamani leo na kusubiri hesabu mpya, huku saa yake ikiendelea kupungua. Nilimwambia atafute wakili wa fani hiyo, kwa sababu mimi ni mwanahistoria.

Sasa nyumbani. Kenya ilipokuwa chini ya ukoloni, sheria ya mwaka 1902 iliwapa walowezi mikataba ya ardhi ya hadi miaka 99. Walowezi walipiga kelele kwamba muda huo haumtoshi mtu anayewekeza, na sheria ya mwaka 1915 ikawapa miaka 999 kwa mashamba. Walijua vizuri kabisa tofauti ya tarakimu moja, kwani walitoka katika nchi iliyoisomea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwarudisha wasio raia kwenye miaka 99, na sheria ya ardhi ya mwaka 2012 ikampa raia aliyekuwa na mkataba kipaumbele unapoisha, ikiwa ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma.

Kwetu Tanganyika, sheria ya mwaka 1923 iliifanya ardhi kuwa ya umma, watu wakipewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Gavana Twining alipotaka kuleta umiliki wa kudumu, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake Mali ya Taifa mwaka 1958 kuupinga. Baada ya uhuru, umiliki wa kudumu uliosalia, mwingi ukiwa wa tangu enzi ya Wajerumani, uligeuzwa kuwa mikataba ya serikali ya miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai 1963. Mikataba hiyo inafikia ukingoni mwaka 2062. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huu atakuwa bado hajastaafu.

Mimi ni muumini wa msimamo wa Mwalimu, na sitetei kurudisha umiliki wa kudumu. Bwana wa ardhi wetu si Duke. Ni umma, ambao Rais anaushikia dhamana. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini haiondoi swali la 1967 la nani ni mwenye matofali. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya hati za sehemu za majengo, na fleti zinauzwa Upanga, Kariakoo na Masaki kwa mamia ya mamilioni ya shilingi. Nimewauliza marafiki watano walionunua. Wote wanajua ukubwa wa sebule na nani anahudumia lifti. Mmoja tu alijua hati ya kiwanja kilicho chini ya jengo lake imebakiza miaka mingapi, na huyo ni mthamini kwa taaluma.

Nami sikuwa bora kuliko wao. Baada ya ule ujumbe kutoka Reading nilifungua sanduku la marehemu baba na kuisoma hati ya kiwanja chake kwa mara ya kwanza. Ni ya miaka 33, kuanzia tarehe 1 Julai 1996. Mama bado anaishi katika nyumba hiyo. Nilikwenda ofisi inayohusika, nikapokewa kwa heshima na kijana ambaye huenda aliwahi kukaa katika mihadhara yangu. Nikamuuliza kuongeza muda kunagharimu kiasi gani, na hesabu yake hufanywaje. "Daktari," akaniambia, "wewe leta barua kwanza. Gharama utaambiwa baadaye." Nikamuomba anionyeshe ilipoandikwa hesabu hiyo ili niisome wakati nikisubiri. Akaniomba nirudi Jumatatu, mkuu wake akiwepo.

Nimeandaa barua pamoja na nakala ya hati. Jumatatu nitakuwa pale saa mbili asubuhi.